Foto ya marehemu huitwa "huyu"

Ndugu Mhariri,

Mgeni akiingia nyumba ya watu hapa Lubumbashi, iwe Kamalondo, Katuba au Ruashi, akaona foto ukutani, haulizi "hii ni nini?" Anauliza "huyu ni nani?" Na mwenye nyumba hamjibu "hiyo ni picha ya baba." Anamjibu "huyu ni baba." Shuleni tulifundishwa kwamba picha iko katika ngeli ya vitu: picha hii, picha hizi. Lakini uso ukiwamo, ulimi unahamia wenyewe kwenye ngeli ya watu. Profesa anasema hivyo, muuza makaa anasema hivyo, na sisi wapiga foto na mafundi tunaoshika foto za watu kila siku hatuoni kwamba wamekosea.

Tunaandika kwa sababu limezoeleka neno kwamba mama anayesalimia foto ya mumewe asubuhi, au mtoto anayekataa kukalia kitenge chenye uso wa babu yake, ni mshamba, au anaabudu sanamu. Na mara nyingi wanaosema hivyo ndio wa kwanza kuipitisha foto ya marehemu kwenye programu ya simu, ikampausha ngozi na kumtikisa kichwa, kisha wakaisambaza kilio kikiwa bado hakijaisha. Makosa hayo mawili ni ndugu. Yote yanatoka kwa mtu asiyejua kwamba foto, kwa aliyempenda aliyemo, inakaa mahali pa mtu. Fundi asiyelijua hilo ataiharibu foto hata akiwa na mashine ya bei kubwa kuliko zote mjini.

Tuanze na macho. Mtoto mchanga, hata katika saa yake ya kwanza duniani, hufuata kwa macho karatasi yenye madoa yaliyopangwa kama uso kuliko karatasi yenye madoa yaleyale yaliyovurugwa. Hajafundishwa na mtu. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye chumba cha chai, ambako kila mmoja hutia mwenyewe pesa sandukuni bila kusimamiwa. Wiki zilizobandikwa picha ya macho juu ya orodha ya bei, watu walilipa karibu mara 3 ya wiki zilizobandikwa picha ya maua. Majaribio ya baadaye hayakutoa kila mara tofauti kubwa namna hiyo. Huko Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, watu walipewa vishale wavirushe kwenye picha za nyuso. Mkono ulikosa shabaha zaidi pale uso ulipokuwa wa mtu wanayempenda. Hao walikuwa watu wa chuo kikuu, na kila mmoja wao alijua kwamba karatasi haiumii.

Basi tusiambiwe kwamba ni ugonjwa wa huku kwetu Katanga.

Watu huuliza kwa nini foto ya ukutani inawafuata kwa macho kila waendako chumbani. Jibu ni rahisi. Mtu halisi ukimzunguka unaona shavu, kisha sikio, kisha kisogo, na macho yake yanakuacha. Foto ni bapa, ukisogea haibadiliki kitu. Kama aliyepigwa alitazama lenzi, atakutazama wewe ukiwa mlangoni, ukiwa dirishani, ukiwa chini ya meza. Kama alitazama pembeni, hamtazami mtu yeyote, popote mtakapokaa. Hili lina kazi yake nyumbani. Familia inayotaka baba aonekane yupo kati yao ichague foto anayotazama lenzi, itundikwe ili macho yawe sentimita 150 hadi 160 kutoka sakafuni, karibu na kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Mjane ambaye hapati usingizi, na foto iko mbele ya kitanda, asiambiwe "jikaze." Mwondoleeni hiyo, mumwekee ile ambayo marehemu anatazama kando, au ihamieni sebuleni. Kuigeuza uso ukutani hatushauri, kwa sababu atakayeikuta imegeuzwa atadhani marehemu amekataliwa na watu wake.

Wazee wetu walilifikiria jambo hili kwa undani kabla ya kamera kuja. Kwa Wasongye wa nchi yetu, mchongaji akimaliza kazi yake, kilichopo ni mti. Nganga ndiye anayetia bishimba, yaani dawa zake, tumboni au kwenye pembe iliyo juu ya kichwa, na hapo mti unakuwa nkishi, sanamu yenye nguvu. Bishimba vikitolewa, unarudi kuwa mti. Nkishi mkubwa wa kijiji haukushikwa kwa mkono mtupu, ulibebwa kwa fito. Anayeona ujinga hapo aangalie tena. Watu hao waliitofautisha sura na nguvu iliyomo, wakaweka utaratibu wa kuiwasha na wa kuizima. Kanisa nalo lilibishana kuhusu sanamu kwa miaka mingi, watu wakapigwa na picha zikavunjwa, mpaka Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 ukaamua kwamba heshima anayopewa mchoro inapita na kumfikia yule aliyechorwa. Mama anayebusu kioo cha foto ya mwanawe hafanyi jambo tofauti na hilo.

Mara nyingine uhai hutiwa na watazamaji, na mchoraji hana habari. Mfano ni Mami Wata, yule mwanamke wa majini mwenye nyoka, anayechorwa pwani yote ya Afrika Magharibi, ndugu wa mamba muntu wetu aliyetundikwa katika sebule nyingi za Lubumbashi miaka ya 1970. Sura yake ya nyoka shingoni inatoka kwenye picha iliyochapishwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880, ya mwanamke aliyekuwa akicheza na nyoka kwenye maonyesho. Mwaka 1955 ilichapishwa tena Bombay, nakala 12,000, zikasafirishwa Afrika. Tangazo la maonyesho likawa roho ya maji inayoombwa mali. Hapa kwetu wachoraji walimpa kichwa cha mwanamke mweupe, saa mkononi na mkia wa samaki, wakamchora juu ya magunia ya unga, na watu wakamnunua huku wakimwogopa. Picha za namna hiyo, pamoja na zile za utawala wa Wabelgiji, ziliitwa ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mji huu mwaka 1947, alichora kwa namna hiyo historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, katika miaka ya 1973 na 1974. Leo wapo wanaohubiri kwamba mamba muntu achomwe moto. Nao wanamwona hai, la sivyo wangemtupa jalalani tu.

Hatuwezi kuacha kumtaja Lumumba. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na mji wetu, na mwili wake ukayeyushwa kwa asidi ili usibaki mahali pa kulilia. Lilibaki jino, ambalo Ubelgiji ililirudisha mwezi Juni 2022. Katika miaka 61 hiyo, nchi ilimlilia mtu kwa kutumia foto na michoro, kwa sababu kaburi halikuwapo. Tunalisema hili kwa ajili ya familia nyingi za mashariki na za hapa ambazo hazina kaburi la kwenda. Kwao foto ndiyo kaburi, na fundi anapoipokea aipokee kwa mikono miwili.

Sasa kazi yenyewe. Kilio kikianguka, foto huletwa usiku, umeme umekatwa, na asubuhi inatakiwa iwe mezani, sentimita 30 kwa 40, ndani ya kadre, yaani fremu. Kilichopo mara nyingi ni kadi ya mpiga kura iliyofifia, au foto ya pasi yenye muhuri shavuni, au foto ya harusi ya mtu mwingine ambamo marehemu amesimama safu ya nyuma.

Kama ni karatasi, ipite kwenye skana kabla ya lolote. Foto ya sentimita 10 kwa 15 ikisomwa kwa nukta 600 kwa inchi hutoa pikseli 2,362 kwa 3,543, na ukiichapa kwa nukta 300 unafika 20 kwa 30 bila kupoteza kitu. Foto ya pasi ya 3.5 kwa 4.5 isomwe kwa nukta 1,200. Utapata 1,654 kwa 2,126, ambayo ni safi mpaka 14 kwa 18. Ukiivuta hadi 30 kwa 40 utabaki na nukta 135 kwa inchi. Kwa watu wanaotazama wakiwa mita 2 kutoka mezani inatosha, kwa mama atakayekuja kuweka uso wake juu ya kioo haitoshi, na ni bora kumwambia mapema kwamba 20 kwa 25 itampa mwanawe zaidi kuliko 30 kwa 40.

Skana isipokuwapo, simu inafanya kazi ikishikwa vizuri. Laza foto mezani karibu na dirisha, zima taa ya simu, shika simu sambamba na meza mpaka kingo za foto zilingane na kingo za skrini. Kaa sentimita 40 hivi juu yake, ukuze mara 2. Ukikaribia zaidi, kivuli cha simu kinaingia na kingo zinapinda. Kisha itume kama faili. Ukiituma kama foto ya kawaida, WhatsApp inaibana mpaka upande mrefu ubaki na pikseli 1,600 hivi, yaani sentimita 13 au 14 za uchapaji mzuri. Mtu akipiga picha ya skrini na kuituma tena, inapungua tena. Foto nyingi zinazofika kwa fundi zimepita kwa wajomba 5 kwa njia hiyo, na ile ya asili iko kwenye simu ya dada aliyeko Kolwezi. Mpigieni dada kwanza.

Katika kurekebisha, mpaka wetu ni uso. Mikunjo ya karatasi, kutu ya pini, ukungu, doa la mafuta, ukuta wa nyuma wenye nyufa, hivyo vyote fundi avitoe. Ndani ya uso aguse yale tu ambayo karatasi ilimfanyia marehemu, na asiguse hata moja ambalo maisha yalimfanyia. Muhuri uliopita shavuni unafutwa kwa kukopa ngozi ya shavu lilelile, sentimita chache pembeni. Wapo wanaonakili shavu la upande wa pili na kuligeuza, wakaongeza hata jicho. Hapo familia itasema "si yeye," na itakuwa na haki, kwa sababu hakuna uso wa binadamu ulio sawa pande zote mbili. Kovu la paji, chale, mwanya, kope lililolala upande mmoja, kipaku karibu na pua, hivyo ndivyo mke anavyovitafuta kabla hajajua kwamba anavitafuta.

Programu za simu zinazosafisha foto kwa kugusa mara moja hazijui mpaka huo. Hazifuti vumbi juu ya uso wa marehemu, zinachora uso mwingine mahali pake. Zimefundishwa kwa nyuso nyingi mno, na zinapokuta pikseli chache mahali pa jicho zinakisia jicho linalofanana na mengi ziliyowahi kuyaona. Matokeo yake ni macho yanayong'aa ya mtu asiyekuwako, ngozi laini kama sahani, na mara nyingi ngozi iliyopauka. Mzee wa miaka 74 anatoka na shavu la kijana. Jinsi ya kupima ni hii. Chapa nakala 2 ndogo za 10 kwa 15, moja iliyosafishwa kwa mkono na moja ya programu, umwonyeshe yule aliyeishi naye, asiwe yule anayelipa. Akisema "ni nzuri," ameona picha. Akinyamaza, au akamwita jina, amemwona mtu. Hiyo ndiyo ya kukuza.

Kupauka huko hakukuanza na simu. Kwa miaka mingi maabara za foto duniani zilipimia rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi zetu zikatoka ama nyeusi bila sura ama za kijivu. Kamera nayo, ikiachiwa ijiamulie, inataka picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, itaona mwanga mwingi, itapunguza, na uso utazama gizani. Dawa yake ni kugusa uso kwenye skrini na kuipandisha alama ya jua kidogo, au kumsogeza mbele ya ukuta wa kahawia au kijani. Mwambieni kila anayewapiga foto wazee wenu walio hai. Foto hiyo ndiyo itakayokuwa mezani siku moja, na siku hiyo hakuna wa kuipiga upya.

Na hizi zinazotikisika? Mwezi Februari 2021 kampuni ya MyHeritage ilitoa huduma ya kufanya uso wa foto ukonyeze na kutabasamu, na tangu hapo zimekuja nyingi, nyingine zinamsemesha. Watu wanafikiri mashine imevuta uhai uliokuwa umefichwa ndani ya karatasi. Inavyofanya kazi ni kwamba mtu mwingine, aliye hai, alirekodiwa akigeuza shingo na kutabasamu. Programu inatafuta kwenye foto pembe za macho, ncha ya pua na kingo za midomo, kisha inazisogeza kwa kufuata mwendo wa yule mtu. Kwa hiyo tabasamu unaloliona kwa mama yako ni la mtu mwingine. Mdomo ukifunguka na foto ya asili ilikuwa imefungwa mdomo, meno ni ya kubuni, na mama aliyekuwa na mwanya anaamka bila mwanya. Kichwa kikigeuka kupita kiasi, hereni na kilemba vinayeyuka, kwa sababu programu inajua uso, haijui nguo.

Hatusemi zipigwe marufuku. Wapo wanaofarijika nazo, na hatuna haki ya kuwanyang'anya faraja. Tunasema kwamba kama foto tuli tayari inaitwa "huyu," foto inayokonyeza ina nguvu zaidi, na dawa yenye nguvu hupimwa. Iamuliwe na mjane au mgane na mkubwa wa watoto kwa pamoja, isiwe kijana mwenye simu peke yake. Isionyeshwe kwenye kilio kabla ya mazishi. Mtoto wa chini ya miaka 7 au 8 asionyeshwe kabisa ikiwa bado anauliza baba atarudi lini, kwa sababu umeshamjibu, na umemjibu vibaya. Isitiwe maneno. Marehemu aliyesemeshwa leo "nawasamehe wote" atasemeshwa kesho "nyumba nimempa fulani," na tunajua vikao vya familia baada ya kilio vilivyo. Kama imetengenezwa, jina la faili liandikwe kwamba imetengenezwa, na foto ya asili ihifadhiwe kando yake, sivyo baada ya miaka 20 wajukuu hawatajua ipi ni ipi.

Vitenge na triko (fulana) vya kilio vinastahili neno, maana hapo ndipo heshima huanguka bila mtu kukusudia. Kitenge chenye uso kinauzwa kwa yadi 6, mita 5 na nusu hivi. Nyuso zikichapwa zote zikielekea upande mmoja, fundi nguo hawezi kukigeuza kitambaa ili kitoshe, na akikigeuza, marehemu anasimama kichwa chini mgongoni kwa shangazi yake. Semeni mapema kwa mchapaji. Kama wavaaji ni wengi na pesa ni kidogo, agizeni nyuso zipishane, mstari mmoja kichwa juu, mmoja kichwa chini. Kama mnataka zote zisimame, ongezeni yadi 1 kwa kila gauni. Medali ya uso, yaani duara lake, iwe na kipenyo cha sentimita 20 hadi 25, na umbali wa kutosha kati ya moja na nyingine ili mkasi upite bila kumkata mtu shingoni. Fundi aulizwe kwanza uso utaangukia wapi, kifuani au mgongoni juu ya kiuno. Chini ya kiuno watu watamkalia, na tumeshasema kwamba hata mtoto anakataa.

Triko lichapwe kwa kufuata kitambaa. Wino wa kupenyezwa kwa joto unashika polista pekee. Kwenye pamba unatoka baada ya kufua mara 2, na familia inaona baba anafutika, jambo linalowaumiza kuliko fundi anavyodhani. Kwa pamba itumike karatasi ya kubandika kwa joto. Baadaye lifuliwe kwa maji baridi likiwa limegeuzwa ndani nje, na pasi isipite usoni. Likichakaa lisiwe tambara la kudekia. Kateni uso muuhifadhi, kilichobaki kitumike. Na bache la mlangoni, lile turubai la mita 2 au 3, likunjwe uso ukiwa ndani, lisiwe paa la kibanda cha kuku.

Kuhusu foto za zamani zilizo ukutani, adui wake hapa ni wawili, masika na kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Machi unyevu unaingia nyuma ya kadre, ngozi nyembamba iliyo juu ya foto inavimba na kushikana na kioo. Ikishikana, usiivute. Ukiivuta, uso unabaki kwenye kioo na karatasi nyeupe mkononi mwako. Ichukue jinsi ilivyo, ipigwe au iskaniwe kioo kikiwamo, kwanza. Ili isishikane, weka kati yake na kioo fremu ya kadi nene ya milimita 2 au 3, na nyuma ya kadre, kwenye pembe za chini, bandika vipande 2 vya kizibo ili hewa ipite ukutani. Usiitundike kwenye ukuta wa bafu wala ukuta unaopigwa na jua la mchana. Kiangazi huleta vumbi jekundu, lifutwe kwa kitambaa kikavu juu ya kioo. Maji yasipulizwe moja kwa moja, yanashuka mpaka ukingoni na kuingia. Foto za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zilizokuwa nyekundu nyekundu hazina laana. Rangi ya samawati iliyomo hufa kabla ya nyingine, ndiyo maana wekundu unabaki, na fundi anaweza kuirudisha kwenye nakala. Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ziacheni. Gundi yake inakula foto kutoka nyuma.

Nyuma ya kila foto andikeni jina, kwa penseli laini, kwa wepesi, pembeni. Kalamu ya wino inapenya mpaka upande wa uso. Andikeni jina lote, mwaka, na mahali. Neno "babu" pekee halimsaidii mtu, kwa maana kila mwenye kusoma atakuwa na babu yake.

Foto ya kaburini isiwe karatasi chini ya plastiki, hata ikizungushiwa silikoni. Jua linaitanua plastiki, usiku inasinyaa, silikoni inaachia, mvua ya kwanza inaingia, na uso unatiririka. Mwombeni fundi sahani ya kauri iliyochomwa tanurini kwa zaidi ya digrii 800. Ni ghali, lakini rangi yake imeyeyukia ndani ya kauri, hailiwi na jua. Asiyeweza kulipa aandike jina kwenye zege na kuitunza foto nyumbani.

Mwisho, Ndugu Mhariri, tuna ombi kwa gazeti lenyewe, kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo. Foto zinatanuliwa upana ili zijaze safu, na marehemu aliyekuwa mwembamba anazikwa mnene. Ikiwa haijai, iachieni nafasi nyeupe pembeni. Msikate utosi. Mkilazimika kukata, kateni chini, kifuani. Msiipitishe kwenye programu ya kung'arisha. Foto na jina vikae safu moja, jina likiwa chini ya foto yake, maana tumeona matangazo mawili yamepandana na jina la mmoja liko chini ya uso wa mwingine, na familia mbili zikapokea simu za rambirambi siku nzima kwa mtu asiye wao. Na familia mnaoleta matangazo, leteni faili ya asili kabla ya saa 8 mchana, ili kabla kurasa hazijafungwa abaki mtu wa kuitazama foto na kuuliza, "Huyu ni nani?"

Wapiga foto, wachoraji na mafundi wa kadre,
Komini ya Kenya, Lubumbashi